Ninavyopima mbegu za farasi dume zilizokaa kwenye baridi

Mbegu za farasi zikitoka kwenye baridi ya nyuzi 5 za Selsiasi huwa zimezubaa. Ukizitazama papo hapo kwenye hadubini utaapa zimekufa. Kwa hiyo kabla ya kusema lolote huchota nusu mililita, nikaitia kwenye neli yenye joto na kuiacha ndani ya maji ya nyuzi 37 kwa dakika 10. Slaidi, kifuniko chake na ncha ya pipeti navyo viwe na joto hilohilo. Slaidi ya baridi peke yake yatosha kumwonea dume mzuri.

Kabla ya kuchota nageuza neli taratibu mara tano sita, maana mbegu huzama chini. Kutikisa, hapana. Naweka tone la mikrolita 10, kifuniko cha milimita 18 kwa 18, nakuza mara 200 na kukagua sehemu tano za katikati. Kingoni hukauka upesi. Ninachoandika ni asilimia ya zinazokwenda mbele moja kwa moja. Zinazotetemeka palepale sizihesabu humo. Nikiona nyingi zinazunguka duara au kurudi kinyumenyume, nashuku zilipoozwa kwa pupa: kati ya nyuzi 19 na 8 ndipo utando wa mbegu huumia, na hapo joto lishuke polepole sana.

Kipimo kimoja hakinitoshi. Siku ya kukamua najaza neli ndogo tatu hadi juu, zisibaki na hewa: ya saa 0, ya saa 24 na ya saa 48. Iliyofunguliwa hairudi kwenye baridi. Dume anayeshuka kutoka asilimia 70 hadi 60 kwa siku moja ni wa kusafirishiwa mbegu. Anayeporomoka hadi 20, jike wake awe karibu. Mpaka wangu ni 30 baada ya saa 24.

Zikiporomoka, kwanza nachunguza uchanganyaji. Kila mililita iwe na mbegu milioni 25 hadi 50, ndani ya mchanganyiko wa maziwa yasiyo na mafuta, glukosi na antibiotiki, na majimaji ya dume mwenyewe, yale yanayotoka pamoja na mbegu, yasizidi asilimia 20. Shahawa yenye milioni 200 kwa mililita haina shida: sehemu 1 kwa 7 za maziwa, unapata milioni 25 na majimaji asilimia 12.5. Ile nyepesi ya milioni 80 ndiyo mtego. Ukiishusha hadi 25, majimaji bado ni asilimia 31, nayo huua mbegu kidogo kidogo. Hiyo naizungusha kwenye sentrifuji, mashine ya kuzungusha kwa kasi, kwa nguvu ya 600 g (mara 600 ya mvutano wa dunia), dakika 10, namwaga majimaji ya juu, ndipo nachanganya upya.

Bomba la sindano liwe la plastiki tupu. Lenye mpira kwenye pistoni ni sumu kwa mbegu. Na dume aliyepumzika miezi, mkamuo wake wa kwanza umejaa mbegu kuukuu. Naupima, lakini simhukumu kwa huo.