Nyavu chakavu ndizo zilizonikomaza ugoko

Nilipoanza karate ya kyokushin, aliyenitangulia aliniambia: "Ukitaka ugoko wa chuma, piga mti kila alfajiri, halafu usugue kwa chupa." Nikaamini. Ujiji miembe haijatupa taabu. Wiki ya tatu ngozi ikachanika, kidonda kikatunga usaha, na mtihani wa mkanda wa kijani ukanipita nikiwa kwenye sindano. Ushauri ule unanikera mpaka leo, maana vijana bado wanapewa.

Katika karate hii iliyoanzishwa na Masutatsu Oyama hatuvai glovu. Ngumi ya usoni ni marufuku, ila kifuani na tumboni unapigwa kwa nguvu zote, na teke linafika mpaka kichwani. Wengi hukalishwa na mateke ya pajani, kwa hiyo ugoko lazima uwe imara. Lakini mfupa hukomaa kwa mzigo mdogo unaorudiwa miezi na miezi. Ukiupasua, unaanza upya.

Nikashona gunia la kupigia mateke, nikalijaza mchanga wa ziwani. Siku mbili tu mchanga wote ukashuka, kitako kikawa jiwe. Nikajaribu maranda ya mbao. Likapepea kama kanga. Ndipo nikaona kwenye mwalo wa Kibirizi lundo la nyavu chakavu za dagaa.

"Shikamoo babu, hizi mnazitupa?"

"Marahaba. Beba mwanangu, zinatunasa miguu tu."

Nikazikatakata, nikazishindilia kwa mchi, tabaka la nyavu, tabaka la matambara, nikavisha gunia la pili na kushona kwa uzi wa nyavu hizohizo. Nililitundika kwa kamba ya mtumbwi. Lilibonyea kama paja la mtu kisha likarudi! Sikutumia zaidi ya elfu chache. Mateke 100 kila mguu, siku nne kwa wiki. Mfupa ukiuma kwa ndani, pumzika.

Mkanda mweusi niliufuata Dar es Salaam kwa treni, zaidi ya kilomita 1,200. Fika mapema, miguu inavimba kwa kukaa. Mapambano yalikuwa 10 mfululizo. Katika la saba ugoko wangu uligongana na wa mpinzani, ukalia kama kuni inayovunjwa. Nikasubiri maumivu. Yeye ndiye aliyerudi nyuma, akichechemea.

Sasa nafundisha jioni, watoto kwa wakubwa. Mjukuu wa yule babu yumo, na kila nyavu zikichakaa hunijia na furushi begani.