Siku Yangu Arabuko-Sokoke: Masikio Kwanza, Darubini Baadaye

Saa 11 alfajiri. Hapa Gede kurumbiza huanza kuimba giza likiwa bado nene, na mimi huamka naye. Chai ya rangi, mahamri na mbaazi, kisha bodaboda hadi lango la msitu wa Arabuko-Sokoke. Kazi yangu ni kuongoza wageni wanaotafuta ndege.

Saa 12 na nusu. Leo ni mtu na mkewe kutoka Nairobi. Kabla ya yote naikagua njia. Kinyesi cha ndovu kikiwa bado kibichi, tunazunguka.

Saa 1. Tumefika penye miti ya mirihi, na hapa ndipo ninapopapenda kuliko pote. Majani yako juu sana, ndege ni wadogo, jicho halina la kufanya mpaka sikio limwambie litazame wapi. Chozi wa Amani analia kileleni, halafu kundi zima linapita, na katikati yake kwera wa Kilifi, manjano na nyeusi. Ndege huyu hapatikani popote duniani nje ya kaunti yetu. Wanasayansi walimpa jina mwaka 1913, lakini mahali anapotagia palikuja kujulikana 2013, kwenye kinamasi huko Dakatcha. Miaka 100! Nikilitaja hilo sauti hunipanda.

Mama mgeni ananiuliza nilisomea wapi sauti hizi. Shambani kwa nyanya, namjibu. Nilikuwa nikitumwa kuamia ndege mtama ulipokomaa. Nilikaa juu ya dungu na debe la kupiga, na kwa kusikia tu nikajua nani anakuja kula na nani anapita. Mapenzi yalianzia hapo, hayajapungua.

Saa 4. Udongo mwekundu, vichaka vya Cynometra vilivyosongamana. Namtafuta bundi mdogo wa Sokoke, sentimita 16 hivi, anayelala mchana kwenye tawi la chini. Wako wawili, wamegandana, mmoja wa kijivu, mmoja wa hudhurungi.

"Kwetu huyu ni uchuro, kaka," mume ananong'ona.

"Hata kwetu wapo wasemao hivyo, mzee. Lakini mkosi anao yeye: vichaka hivi vikikatwa, hana pa kwenda."

Tunakaa mbali, hakuna taa ya kamera, sipigi sauti zake kwenye simu. Ndege aliyelala aachwe alale; kwa hilo sibembelezwi.

Mchana joto linaunyamazisha msitu. Wali, samaki wa nazi, usingizi kidogo.

Saa 9. Mkondo wa Mida. Maji yanajaa na kuwasukuma ndege kwetu: sululu, vitwitwi waliotoka Siberia, na wale weupe wenye mgongo mweusi na mdomo mnene wa kuvunjia kaa. Hawa hutagia Oman na pwani za Ghuba, ndani ya mashimo wanayochimba mchangani, na joto la mchanga huwasaidia kuatamia. Kisha huja kwetu kula. Kaskazi ikivuma nawasubiri jinsi watu wa hapa walivyosubiri majahazi.

Saa 2 usiku. Naingiza orodha ya leo kwa simu kwenye Kenya Bird Map, ramani ya ndege wa Kenya inayojazwa na watazamaji, kila ndege na mahali pake, pamoja na wale niliowasikia tu bila kuwaona. Kesho ni Sabaki, kwenye mlango wa mto, wageni wanataka heroe.