Isipokuwa Mmepatana

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Neno la juma hili ni 1 Wakorintho 7:3-5. Naomba uzisome aya zote tatu, maana zimezoea kusomwa nusu. Binti anapoagwa kwenda kwa mumewe, mara nyingi husikia kipande kimoja tu: "Mke hana amri juu ya mwili wake, bali mumewe." Biblia inafungwa hapo. Maneno yanayofuata palepale, "vivyo hivyo mume hana amri juu ya mwili wake, bali mkewe," yanabaki ndani.

Tabia hiyo ni ya kale. Geoffrey Chaucer, mshairi wa Uingereza aliyefariki mwaka 1400, alimtunga mwanamke mmoja wa mji wa Bath, aliyeolewa mara tano, mara ya kwanza akiwa na miaka 12. Yuko njiani kwenda kuhiji Canterbury, na mbele ya mahujaji wenzake anamnukuu Paulo, lakini naye anachukua nusu anayoitaka: mume ni mdeni wangu na mtumwa wangu, mimi ndiye mwenye amri juu ya mwili wake, si yeye. Wengi humcheka. Mimi humwonea huruma, kwa sababu mume wake wa tano, kijana msomi, alikuwa akimsomea kitabu kilichojaa visa vya wake waovu, na siku alipozichana kurasa tatu za kitabu hicho, alipigwa kichwani hata sikio moja likafa. Mtu aliyechapwa kwa nusu ya aya akiiokota nusu iliyobaki, ataishika kama fimbo.

Ila juma hili moyo wangu uko kwa mwanamke mwingine, ambaye hakutungwa na mtu. Aliishi kweli.

Margery Kempe alizaliwa yapata mwaka 1373 katika mji wa bandari uitwao Lynn, mashariki ya Uingereza. Baba yake, John Brunham, alikuwa meya wa mji huo mara tano. Aliolewa na John Kempe akiwa na miaka ishirini hivi, wakapata watoto 14. Alijaribu biashara ya kupika bia ikamshinda, akajaribu kinu cha kusaga kinachovutwa na farasi, nacho kikafa. Uzeeni alisimulia maisha yake, wengine wakamwandikia, na humo hajiiti "mimi". Anajiita "kiumbe huyu". Nakala ya kitabu hicho ilikaa bila kujulikana hadi ilipotambuliwa mwaka 1934 katika nyumba ya familia moja.

Sasa, kanisa la wakati ule lilisoma Maandiko kwa Kilatini, na pale ambapo Biblia yetu inasema "mume na ampe mkewe haki yake", Kilatini kinasema amlipe deni. Unyumba ulikuwa deni, na mdai angeweza kuwa mume au mke. Hakuna aliyeruhusiwa kumnyima mwenzake, wala kuweka nadhiri ya kuishi bila tendo la ndoa pasipo ridhaa ya mwenzake. Kwa maandishi, hapo walikuwa sawa. Margery alipoona Mungu anamwita kwenye maisha mengine, alimwambia mumewe: siwezi kukunyima mwili wangu, ila mapenzi ya moyo wangu nimeyaondoa kwa viumbe vyote vya duniani na kuyaweka kwa Mungu peke yake. John hakukubali. Kwa miaka mitatu au minne Margery alilipa deni lile akilia, na anasema wazi kwamba angeona afadhali kula tope la mferejini. Dada unayesoma haya, huenda huhitaji kuelezwa zaidi.

Ndipo inapokuja siku ninayotaka tuikalie. Ilikuwa Ijumaa, mkesha wa sikukuu ya Yohane Mbatizaji, na wataalamu wanaihesabu kuwa tarehe 23 Juni 1413. Jua lilikuwa kali. Wawili hawa walikuwa wakitembea kutoka upande wa York. Mke kashika chupa ya bia mkononi, mume kaweka mkate kifuani ndani ya nguo. John akauliza: Margery, angetokea mtu na upanga akasema atanikata kichwa nisipolala nawe, ungefanyaje? Naye akajibu kwamba afadhali amwone ameuawa kuliko warudie mambo yale. "Wewe si mke mwema," akasema John. Jibu la Margery linanichoma kila nikilisoma, na sitaki kulipamba. Maumivu ya John nayo nayaona.

Wakafika penye msalaba wa njiani. Mume akaketi chini yake, akamwita mkewe, akamtajia maombi matatu. Tuendelee kulala kitanda kimoja. Unilipie madeni yangu kabla hujaenda kuhiji Yerusalemu. Na Ijumaa uwe unakula na kunywa pamoja nami kama zamani. Margery alikuwa akifunga Ijumaa, na hapo akakataa katakata. Basi, akasema John, nitakurudia kitandani.

Margery akaomba nafasi ya kusali. Akapiga magoti shambani, kando ya msalaba, akalia sana, na anasimulia kwamba Bwana alimwambia auache mfungo wake, kwa kuwa alimpa mfungo ule ili siku kama hiyo awe na kitu cha kumpa mumewe. Akarudi kwa John. Akamwambia: mume wangu, nipe ninalotaka nawe upate unalotaka: usije kitandani kwangu, nami nitalipa madeni yako na nitakula nawe Ijumaa. John akajibu: "Mwili wako na uwe huru kwa Mungu kama ulivyokuwa kwangu." Wakasali Baba Yetu mara tatu chini ya msalaba ule, kisha wakala mkate na kunywa bia pamoja kwa furaha.

Nimekaa na jambo hili juma zima. Kuna uchungu ndani yake, mwanamke kuugomboa mwili wake mwenyewe kwa fedha. Tena kwa sheria ya nchi ile mali ya mke ilikuwa chini ya mumewe, na bado John ndiye anayeomba alipiwe. Mamlaka ndani ya nyumba yao hayakukaa yalikowekwa na sheria. Paulo anasema "msinyimane isipokuwa mmepatana", na sisi tunaotumia neno kupatana kila siku sokoni tunajua hakuna kupatana kama mmoja ndiye anayetaja bei na mwingine hana ruhusa ya kuondoka. Pale njiani kila mmoja alitaja lake. Kila mmoja aliachia kitu kilichomuuma. Baadaye, mbele ya askofu wa Lincoln, John aliweka mikono yake ndani ya mikono ya askofu kuthibitisha kwamba ameridhia.

Miaka ikapita wakiishi nyumba tofauti, watu wasije wakasema nadhiri yao ni ya uongo. Siku moja John, akiwa amevuka miaka sitini, alishuka ngazi miguu mitupu akateleza. Vidonda vya kichwa vikazibwa kwa vitambaa vitano. Majirani wakasema akifa, mkewe anastahili kunyongwa, kwa kuwa hakukaa naye. Margery akamwomba Mungu amwache hai, akamchukua nyumbani kwake. Akili za mzee zikarudi utotoni. Alikuwa akijisaidia ndani ya nguo zake, mezani au pale alipoketi kando ya moto. Margery, aliyetamani kushinda kanisani akisali, akashinda akifua na kukamua zile nguo za kitani, na kuni zikimwishia kwa kuzikausha, miaka mingi, hadi John alipofariki.