Chini ya Paa la Gwoździec

Mpwa wangu anayesoma Warsaw alikwishanionya kuhusu POLIN, makumbusho ya historia ya Wayahudi wa Poland. "Mjomba, ukiingia pale kwa haraka utatoka na picha za simu tu." Tukashuka metro Ratusz Arsenał, tukakata mitaa kwa miguu katikati ya maghorofa ya enzi ya ukomunisti. Eneo lile lote limejengwa juu ya vifusi vya geto, ambamo Wanazi waliwafungia Wayahudi zaidi ya 400,000. Mbele ya makumbusho uko mnara wa mashujaa wa geto walioshika silaha dhidi ya Wanazi Aprili 1943. Ni hapo Willy Brandt, Chansela wa Ujerumani Magharibi, alipopiga magoti mwaka 1970.

Nilijiandaa kukutana na vifo tangu mlangoni. Kumbe maonyesho ya kudumu, yaliyofunguliwa mwaka 2014, yanaanzia miaka elfu moja nyuma, na anayekupokea ni msafiri: Ibrahim ibn Yaqub, Myahudi wa Hispania ya Kiislamu, aliyeandika habari za nchi ile kwa Kiarabu katika karne ya 10. Mtu wa Pwani akikutana na jina kama hilo Poland, lazima asimame. Mbele kidogo zipo sarafu za fedha, nyembamba kama ganda la kitunguu, zilizopigwa kwa ajili ya watawala Wakristo lakini zikiwa na herufi za Kiebrania.

Halafu paa. Hapo tulikaa sana.

Sinagogi ya Gwoździec, mji mdogo ulioko Ukraine ya leo, ilikuwa ya mbao, ya karne ya 17. Haipo tena. Paa lake limeundwa upya, dogo kidogo kuliko lile la asili, na mafundi pamoja na mamia ya wanafunzi na watu waliojitolea, kwa mashoka na misumeno ya mkono, na rangi zikachanganywa na gundi ya ngozi ya sungura kama zamani. Ukiinua uso huoni pa kupumzisha macho: wanyama, ndege, maua yanayosokotana, na nyota 12 za falaki, zile zile wazee wetu wa Pwani wanazopigia hesabu zao. Chini yake kuna jukwaa la kusomea Torati.

Wapo wanaolalamika kwamba makumbusho haya yana nakala nyingi na vitu halisi vichache. Mimi siungi mkono. Nimeshaona kwingine vikombe vya Sabato vimepangwa kwenye kabati la kioo, vinang'aa, na havikuniambia kitu. Chini ya paa lile nilielewa walikuwa wanatazama wapi sala inaporefuka.

Karne ya 19 tuliipita mbiombio. Penye Maangamizi, yaani mauaji ya Wayahudi mikononi mwa Wanazi, njia inabanwa, na wanaosimulia ni wenyewe waliokuwa ndani, kwa yale waliyoyajua siku hiyo. Hawajui kesho kuna nini, na wewe unayejua ndiye unayeumia. Mwanahistoria Emanuel Ringelblum na wenzake mle getoni walikusanya shajara, matangazo, hata karatasi za pipi, wakazifukia ardhini katika masanduku ya bati na makopo ya maziwa. Sehemu ilifukuliwa mwaka 1946, nyingine 1950. Wayahudi wa Poland kabla ya vita walikuwa zaidi ya milioni 3. Takriban tisa katika kila kumi waliuawa.

Wageni wengi hudhani hadithi imeishia hapo, wanaanza kutafuta mgahawa. Chumba cha mwisho kinazungumzia mwaka 1968, serikali ya kikomunisti ilipochochea chuki dhidi ya wale waliobaki, na maelfu wakaondoka wakiwa na hati ya safari iliyosema mwenye hati hii si raia wa Poland. Mpwa wangu, ambaye kila mwaka hupanga foleni kuhuisha kibali chake cha kuishi, aliisoma mara mbili. Ukienda na muda haukutoshi, punguza karne ya 19 kama sisi. Chumba hicho usikiruke.