Kuboresha vifaa vya bia ya nyumbani Bukavu bila kumaliza mfuko

Anayeanza kutengeneza bia nyumbani hapa Bukavu kwa kawaida huwa na sufuria moja, mbabula (jiko la makaa), na ndoo yenye kifuniko, na akipata fedha kidogo za kuboresha kazi yake hukimbilia kutafuta sufuria kubwa zaidi. Mimi huwashauri wanaoniuliza waiache sufuria kama ilivyo na wanunue kipimajoto, kwa sababu sehemu kubwa ya kasoro za bia ya nyumbani huletwa na joto, na hakuna kidole kinachoweza kutofautisha nyuzi 62 na nyuzi 72 za Selsiasi, ingawa tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama utakunywa bia au uji uliochacha.

Nazungumzia bia ya nafaka inayochemshwa na kutiwa uchungu. Kasikisi ya ndizi ina wataalamu wake, tena wengi wao ni mama zetu ambao hawahitaji mafundisho kutoka kwangu, na kanyanga siigusi kabisa, kwa maana kukeneka pombe kali jikoni ni hatari ya namna nyingine.

Kimea cha shayiri, yaani nafaka iliyooteshwa kisha ikakaushwa, hutoka nje na bei yake inaumiza, kwa hiyo mwenye bajeti ndogo ni bora ajifunze kutumia mtama unaopatikana soko la Kadutu. Mtama si nafaka ya kubahatisha: Nigeria ilipopiga marufuku uingizaji wa shayiri na kimea chake mwaka 1988, viwanda vikubwa vya huko vililazimika kuuza bia ya mtama na mahindi, na watu waliinywa. Mtama huloweshwa, huoteshwa siku chache chini ya gunia lenye unyevu, kisha huanikwa juani mpaka ukauke kabisa. Hapo kuna jambo moja lisilo na mjadala, nalo ni kwamba vichipukizi na vimizizi vya mtama vina kemikali inayozaa sianidi, ambayo ni sumu; vikishakauka visuguliwe kwa viganja mpaka vikatike vyote, vipepetwe kwenye ungo, na visiliwe na mtu wala kuku.

Ugumu wa mtama uko kwenye kuchanganya na maji ya moto, na hapo ndipo kipimajoto kinapolipa gharama yake. Wanga wa shayiri hulainika kwenye joto ambalo vimeng'enya vya kimea, yaani vile vinavyogeuza wanga kuwa sukari, bado vinafanya kazi vizuri; wanga wa mtama unadai joto kubwa zaidi, karibu nyuzi 70 na kuendelea, ambako vimeng'enya hivyo tayari vimeanza kuharibika. Ukifuata maelezo ya bia ya shayiri neno kwa neno, utapata maji meupe yasiyo na utamu. Njia ya kutoka haihitaji kifaa kingine chochote. Koroga kimea kilichosagwa katika maji ya nyuzi 45 hivi, kiache nusu saa kitulie, kisha teka taratibu yale maji yaliyojitenga juu na kuyaweka kando, kwa kuwa vimeng'enya vingi vimo humo. Uji mzito uliobaki chini uuchemshe kwa dakika 20 au zaidi huku ukikoroga usiungue, uuache upoe kiasi, kisha urudishie yale maji kidogo kidogo mpaka kipimajoto kisome kati ya nyuzi 62 na 65. Funika sufuria kwa blanketi nzito na uiache saa moja na nusu.

Kujua kama kazi imekamilika kunagharimu kichupa cha iodini kutoka duka la dawa. Weka kijiko cha ule mchanganyiko kwenye sahani nyeupe, dondoshea tone moja la iodini na utazame: rangi ikigeuka buluu iliyokaribia weusi, wanga bado upo na blanketi lirudi, ikibaki kahawia ya iodini yenyewe, sukari imepatikana. Kilichopimwa kimwagwe.

Kwa kuchuja, mtama husumbua kwa sababu hauna maganda ya kutosha kupitisha maji. Nenda kwa fundi cherehani na kipande cha kitambaa chepesi cha pazia, akushonee mfuko unaoenea ndani ya sufuria, nawe utakuwa na chujio linalofuliwa na kutumika tena na tena.

Mji wetu uko kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi, na maji huchemka karibu nyuzi 95 badala ya 100. Hopsi, yale maua makavu yanayochemshwa pamoja na bia ili kuitia uchungu, hutoa uchungu wake polepole zaidi katika joto hilo, hivyo dakika 60 zinazotajwa katika maelezo mengi mimi huzifanya 80. Aliyebanwa na bei ya makaa na aongeze hopsi kidogo badala ya muda. Asiye na hopsi anaweza kujaribu majani ya mubirizi, kichaka chenye majani machungu, ingawa uchungu wake ni mkali na hauna ile harufu ya maua.

Kupoza ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Badala ya koili ya shaba inayokunywa maji ambayo pengine umeyapandisha mlimani kichwani, mimina bia mbichi ikiwa ya moto katika bidoni jipya la plastiki nzito lenye alama ya namba 2 chini yake, lifunge, na uliache mpaka kesho. Bidoni la njano lililobeba mafuta ya kula lisitumike hata kidogo, kwani harufu haitoki na mafuta huua povu.

Kesho yake tia hamira ya bia, si ya mkate. Pakiti moja ya gramu 11.5 hutosha lita 20, ni nyepesi, na ndugu anayetoka Kigali anaweza kukuletea mfukoni. Hali ya hewa ya Bukavu inatupendelea kuliko wenzetu wa Uvira, lakini uchachukaji huzalisha joto lake wenyewe, kwa hiyo siku tatu za mwanzo chombo kikae ndani ya beseni la maji kikiwa kimezungushiwa kitambaa kilicholoa. Vyombo ukivisafisha kwa javeli (dawa ya klorini ya kung'arishia nguo), visuuze kwa maji yaliyochemshwa mpaka harufu iishe, la sivyo bia itanuka dawa ya hospitali.

Haidromita, kifaa kinachoelea ndani ya bia na kuonyesha sukari iliyobaki, ndiyo ya pili kununuliwa. Usomaji wake usipobadilika kwa siku tatu mfululizo, bia iko tayari kwa chupa, pamoja na gramu 6 za sukari kwa kila lita. Kabla hujamudu mashine ya kufungia vizibo vya chuma, tumia chupa za plastiki za soda: huhimili shinikizo, na ukizibonyeza kwa vidole unajua gesi imefikia wapi. Zikiwa ngumu kama zilivyotoka dukani, zipeleke mahali penye ubaridi na giza, na mojawapo ifunguliwe wiki inayofuata.