Kabla ya LinkedIn, safisha namba yako ya simu

Ushauri mwingi wa kutafuta kazi mtandaoni unaanzia LinkedIn, mtandao wa kijamii wa mambo ya kazi. Kwa Arusha na Moshi, huko ni kuezeka kabla ya kujenga msingi. Meneja wa hoteli pale Sakina au wa kampuni ya safari kule Njiro akishapokea CV yako, kilicho chepesi zaidi kwake ni kuihifadhi namba uliyoandika juu na kukutafuta WhatsApp. LinkedIn ataifungua baadaye, akikumbuka.

Kwa hiyo anza hapo. Mwombe rafiki mwenye Truecaller, programu ya simu inayoonyesha jina la mwenye namba, aitafute namba yako akuonyeshe jina linalotokea. Jina hilo mara nyingi linatokana na jinsi watu walivyokuhifadhi kwenye simu zao. Kama uliwahi kuuza mitumba soko la Memorial, unaweza kujikuta unaitwa "Dada Viatu Memorial". Si aibu, ila anayetafuta mhasibu atasita kidogo. Ubaya zaidi ni laini iliyokuwa ya mtu mwingine kabla yako: jina lake, pamoja na sifa zake za madeni, linaweza kuwa bado limeng'ang'ania. Dawa ni kupakua programu hiyo, kujisajili kwa namba hiyohiyo, kuandika majina mawili yaliyo kwenye CV, kisha kumwomba rafiki yuleyule aangalie tena baada ya siku kadhaa.

WhatsApp ina mtego ambao wengi hawaujui. Stetasi yako haionekani na mtu ambaye hujamhifadhi. Lakini ukimhifadhi afisa rasilimali watu ili umtumie CV, naye akakuhifadhi, kwa mpangilio wa kawaida ataanza kuona kila unachoweka: mafumbo kwa mzazi mwenzio, video za vigodoro, lawama kwa bosi wa zamani. Ingia sehemu ya faragha ya stetasi, chagua kuwaondoa baadhi ya watu, kisha umweke yeye humo. Au acha mafumbo kwa miezi miwili, ni rahisi zaidi.

Picha isiwe ya mtoto, ya gari lisilo lako wala aya ya kitabu kitakatifu. Piga asubuhi, nje, kwenye kivuli cheupe kama baraza, ukitazama upande wenye mwanga. Mpigaji asimame mita 2 hivi kutoka kwako atumie kamera ya nyuma. Selfi ya karibu inakuza pua, na jua la saa sita linakuchimbia mashimo machoni. Picha hiyohiyo itumie kila mahali.

Jina nalo liwe moja. Ajira Portal ya serikali inataka namba yako ya NIDA, basi chukua majina ya kitambulisho hicho yawe msingi wa CV, barua pepe na LinkedIn. Facebook ukiitwa "Mtoto wa Kishua", mwajiri hakupati. Akikupata kupitia picha za watu wengine, ndiyo balaa.

Sasa jitafute Google. Fungua dirisha la faragha (incognito) la kivinjari, maana ukiwa umeingia kwenye akaunti yako matokeo yanaweza kukufuata wewe, halafu andika majina yako ndani ya alama za kunukuu, mara moja peke yake, mara ya pili ukiongeza Moshi au Arusha. Facebook ina kitufe cha kuzipunguzia hadhira posti zote za zamani kwa mpigo, zibaki kwa marafiki tu. Watu wakishakibonyeza wanadhani kazi imeisha. Haijaisha: maoni uliyoandika kwenye kurasa za wazi hayaguswi. Yale matusi ya siku ya Simba na Yanga bado yapo chini ya jina lako. Yafuate kwenye kumbukumbu ya shughuli zako, uyafute moja moja.

Hapo ndipo LinkedIn inapokuwa na maana. Mstari ulio chini ya jina unabeba herufi 220, na watu wanaupoteza kwa kuandika "Natafuta kazi yoyote". Kazi yoyote haitafutwi na mtu. Mpishi aandike: "Mpishi wa kambi za safari na mlima, mikate na vyakula vya wasiokula nyama, Kiingereza na Kijerumani cha mazungumzo, Arusha". Maneno hayo ndiyo mwajiri atakayoyaandika akitafuta. Kwenye maelezo ya kazi weka hesabu: kundi la wageni wangapi, njia ya Machame siku ngapi, jiko la gesi au la kuni. Neno "mchapakazi" halipimiki.

Kile kibao cha LinkedIn cha kutangaza kuwa unatafuta kazi (Open to Work) kina namna mbili: kuonekana na wote, kikiwa na duara la kijani kwenye picha yako, au na wanaoajiri tu, bila duara hilo. Hiyo ya pili inawafikia wenye huduma ya kulipia ya LinkedIn ya kutafutia watumishi, na kampuni ndogo za hapa kwa kawaida hazina. Kama bado una kazi na mji ni huu tunaojuana, usikiwashe kabisa. Tuma ujumbe moja kwa moja.

CV itume kama PDF yenye jina lako na kazi unayoomba, si "CV mpya final 3". Ukiiweka Google Drive, linki hubaki imefungwa mpaka ubadilishe ruhusa kuwa yeyote mwenye linki. Mwajiri akikuta ukurasa wa kuomba ruhusa hataomba, atafungua ya mwingine. Ijaribu kwanza kwenye dirisha la faragha.

Na yale magrupu ya ajira ya WhatsApp: usirushe humo picha za vyeti wala kitambulisho. Namba ya NIDA na namba ya mtihani wa kidato cha nne zikishasambaa hazirudi, na tapeli anayekuomba "hela ya fomu" kesho anakuwa tayari anakujua kwa majina matatu.