Mtoto wa Mgema Kwenye Mlima wa Mizabibu

Mwaka 2017 ulikuwa mwaka wa siasa, na mwaka wa siasa Mombasa ni mwaka wa vitanda vitupu. Mahakama ya Juu ilifuta uchaguzi wa urais tarehe 1 Septemba, marudio yakapangwa Oktoba, na wageni waliokuwa wameshika vyumba Nyali, Bamburi na Shanzu wakaanza kuuliza habari za usalama. Hoteli niliyokuwa nikihudumu baa ikatutuma nyumbani, likizo bila malipo. Dada yangu, aliyeolewa Koblenz, Ujerumani, akasema kuliko kukaa Kisauni nikipiga soga barazani, heri niende kwake. Nauli ataitoa shemeji. Habari ya viza niiache. Kila aliyewahi kuitafuta anaijua.

Kwenye baa ile nilikuwa nimefungua chupa nyingi za waini kuliko nilizowahi kuonja. Nyingi zilikuwa nyekundu, nzito, za Afrika Kusini, na meneja wetu alitaka zipangwe kwenye rafu nyuma ya kaunta, kwa sababu alifundishwa kwamba mvinyo mwekundu hunywewa kwa joto la chumbani. Chumbani kwa nani? Bamburi mwezi wa Februari joto linapita digrii 30. Mgeni ananunua, anakunywa nusu glasi, anajifuta jasho, anaagiza Tusker.

Kwetu kileo kilikuwa mnazi. Baba aligema Kikambala tangu kijana mpaka magoti yalipomkataa. Alfajiri na jioni alipanda, panga kiunoni, anapasua ncha ya karara kidogo tu, anafunga kibuyu, anashuka na cha jana. Majirani Waislamu hawakuugusa mnazi, na baba hakuwahi hata siku moja kupita na kibuyu mbele ya baraza zao; alizunguka nyuma kwa mashamba. Mimi sikurithi panga. Nilikwenda kufungua chupa za watu wengine.

Basi asubuhi moja ya mwanzo wa Oktoba shemeji akaniambia, kwa Kiswahili chake alichokiokota Mtwapa, "Shemeji, vaa sweta mbili. Leo tunaenda kununua mvinyo kwa mwenyewe." Dada akafunga bajia za kunde kwenye kontena na chatne ya ukwaju kwenye kichupa, kwani dada yangu hasafiri hata kilomita 10 bila chakula.

Barabara inaufuata mto Mosel, na mto wenyewe haujui kwenda moja kwa moja. Tulisimama Cochem, chini ya ile ngome yao, ambapo mzee mmoja alikuwa amepanga chupa mezani pamoja na mkate wa vitunguu wenye moto. Kinywaji kilikuwa cheupe kama tui jepesi, kinatoa povu, na kizibo cha chupa kilikuwa kimelegezwa makusudi. Wanakiita Federweißer: maji ya zabibu yaliyoanza kuchacha na bado yanaendelea. Ukikikaza kizibo, chupa inapasuka. Nilionja nikacheka peke yangu. Leo mtamu, kesho mkali, keshokutwa usithubutu. Nilikuwa nimetoka Kisauni, nikapanda ndege, nikaomba viza, kuja kunywa mnazi.

"Sasa umeelewa kwa nini nilizoea huku upesi," dada akasema.

Kijiji tulichokuwa tukienda kinaitwa Bremm. Hapo mto unajipinda nusura ujikute, na juu ya kijiji umesimama mlima wa Calmont, moja ya mashamba ya mizabibu yenye mwinuko mkali kuliko yote Ulaya. Mahali pengine mteremko unafika digrii 65. Nilipoutazama kutoka chini nilidhani mizabibu imebandikwa ukutani. Kila mzabibu umefungwa kwenye mti wake peke yake, kwa sababu trekta haliwezi kupita. Wanapanda kwa miguu, au kwa kigari kinachokwea juu ya reli moja yenye meno. Udongo hakuna wa kusema udongo. Ni mawe bapa ya kijivu, yanateleza chini ya kiatu, na yakiporomoka na mvua kuna mtu anayeyarudisha juu.

Mama mwenye shamba alitupokea na mikono iliyopasuka. Alikuwa mtu mzima, umri wa mama yetu, na hakuwa na maneno mengi ya kukaribisha, alituambia tumfuate. Dada akawa mkalimani. Nilimuuliza swali ambalo mtu yeyote wa Pwani angeuliza: zabibu zinataka jua, na huku mko kaskazini, karibu na nyuzi 50, mnazipikaje? Akainama, akaokota jiwe, akaniwekea mkononi. Lilikuwa na uvuguvugu, ilhali mimi natetemeka ndani ya sweta mbili. Mlima umeuelekea upande wa kusini, akasema. Mawe yanakula jua mchana na kulitoa usiku, na mto chini unalirudisha lile linalobaki. Zabibu zao, Riesling, huiva polepole mpaka vuli, na kwa kuwa usiku ni wa baridi, uchachu wake haupotei. Sehemu za joto sukari hupanda haraka na uchachu hukimbia. Hapa vyote viwili vinangojana.

Mwaka ule lakini vuno lilikuwa dogo. Aprili, machipukizi yakiwa ndiyo kwanza yametoka, usiku wa jalidi uliyaunguza. Alinionyesha mstari mzima uliobeba vishada vya kuhesabika. Hakulalamika. Alisema tu kwamba ya 2016 bado ipo, ndiyo atakayotuuzia.

Akaniuliza kwetu kuna mizabibu? Nikamwambia Mombasa hapana, ila kwa majirani zetu, Dodoma, wanalima zabibu na huvuna mara mbili kwa mwaka. Dada alipotafsiri, mama akasimama. Akamwambia dada arudie. Mara mbili? Na huo mnazi wenu je? Kila siku, nikasema, asubuhi na jioni. Akatikisa kichwa akaendelea kupanda.

Njiani kulikuwa na vipande vya mlima vilivyoota vichaka, ngazi za mawe zimebomoka. Nilidhani ni vya serikali. Kumbe ni mashamba ya watu yaliyoachwa: wazee wamechoka, watoto wamekwenda mjini. Wanaovuna siku hizi ni Wapolandi na Waromania wanaokuja kwa msimu. Mama akauliza watoto wa wagema kwetu huenda wapi. Dada hakutafsiri jibu langu. Alininyooshea kidole tu.

Tulishuka hadi chumba cha kuonjea, kando ya ghala lenye mapipa. Glasi ndogo, chupa ndefu za kijani, na ndoo ya kutemea ambayo mimi sikuigusa. Mtoto wa mgema hatemi. Alianza na mvinyo mkavu kutoka Calmont, ule shemeji aliokuwa ameusifia njia nzima. Ulikuwa safi, mkali, una harufu ya jiwe lililonyeshewa. Kisha Kabinett, kisha Spätlese, kisha Auslese. Alinieleza kwamba daraja hizi zinatokana na sukari iliyomo kwenye maji ya zabibu siku ya kuvunwa, hupimwa kwa kipimo cha Oechsle, na kwamba daraja hizo hairuhusiwi kutiwa sukari hata punje. Ipo nyingine ya juu zaidi, ambayo zabibu lazima zigande mtini, baridi ya digrii 7 chini ya sifuri au zaidi, zikamuliwe zikiwa barafu. Bei yake sikuiuliza mara mbili.

Hapo shemeji akaleta hadithi ya kwao. Karne ya 19, miaka ikiwa mibaya, zabibu za Mosel zilikuwa chachu za kutia meno ganzi. Mtu mmoja wa Trier, Ludwig Gall, akawafundisha wakulima kuongeza maji yenye sukari kabla ya kuchachisha, na wengi wakafanya hivyo.

"Alaa," dada akasema, "kumbe huku mgema hulitia tembo maji hata asiposifiwa."

Akaanza kumtafsiria mama, na ikawa kazi kubwa, mpaka mama alipocheka kwa mara ya kwanza.

Sasa kununua. Forodha ya Kenya humruhusu msafiri lita 2 za mvinyo bila ushuru, maana yake chupa mbili, na ya tatu inakuzidisha. Shemeji alitaka nichukue ule mkavu wa Calmont, ndio wa heshima, ndio wa kumwonyesha meneja. Mama akauliza utanywewa na nini. Tukatazamana. Dada akafungua kontena la bajia.

Nilichovya bajia kwenye ukwaju na pilipili, nikanywa ule mkavu. Pilipili iliwaka maradufu, na mvinyo ukaacha uchungu mdomoni. Nikala nyingine, nikanywa Kabinett. Huu ulikuwa umesimamishwa kuchacha kabla sukari haijaisha, kwa hiyo una utamu kidogo na kileo chake ni asilimia 8.5 tu, lakini uchachu wake ni wa ndimu hasa. Pilipili ikatulia. Ukwaju ukakutana na mwenzake. Nikarudia, kwa ajili ya uhakika. Mama naye akachovya bajia, kwa ujasiri mno, akakohoa hadi machozi, akajimiminia Kabinett, akanyamaza kidogo, kisha akachovya ya pili.

Mimi nilikasirika kidogo, niseme kweli. Miaka yote wageni wetu wanakula samaki wa kupaka, biriani, kamba wa pilipili, na tunawauzia mvinyo mwekundu uliopata joto rafuni, wakati kinywaji kinachokwenda na tui na ndimu kinatoka mahali pa baridi ambapo hapajawahi kuona mnazi. Nikachukua Kabinett mbili, euro 8 kila moja, wakati huo karibu shilingi 1,000. Shemeji akanunua mkavu wake, sanduku zima, akiwa amenuna.

Chupa moja niimalize haraka: hoteli ilipotuita Desemba niliipeleka kwa meneja aionje na samaki. Akasema ni tamu, wageni hawataitaka. Akainywa yote.

Ya kwanza niliifungua tarehe 26 Oktoba, siku ya marudio ya uchaguzi. Mji ulikuwa kimya, hakuna kazi, nikamwita baba aje Kisauni. Mke wangu alipika tafi wa kupaka. Chupa niliizika kwenye barafu ya muuza samaki, ikatoka ikinuka ngisi kidogo kwa nje.

Baba aliinua glasi kwenye mwanga, akatafuta povu, hakuliona.

"Huu umegemwa lini?"

"Mwaka jana, baba."

Akaiweka glasi chini. "Mwaka jana? Na haujawa siki?"

Nikamweleza habari za baridi, uchachu na kizibo kilichokazwa. Alisikiliza jinsi anavyomsikiliza daktari kijana. Akala tonge la samaki, akanywa, akala tena. Hakusema ni mzuri. Aliisogeza glasi karibu na sahani yake, akamwomba mke wangu amwongezee tui. Kisha nikamwonyesha picha za Calmont kwenye simu, mizabibu ukutani, ile reli, yule mama ameshika jiwe. Picha ya mlima aliikuza kwa vidole, akaitazama sana.

"Wanapanda bila kamba?"

"Bila kamba."

"Na watoto wake hawataki."

"Anatumia watu wa kuja, baba. Wa msimu."

Akamaliza glasi, akanyoosha goti lake bovu chini ya meza. "Mpigie shemeji yako," akasema. "Muulize wanalipwa kwa siku au kwa kikapu."